Kaka zangu wanatuma M-Pesa, mama namuogesha mimi

Shangazi shikamoo. Pole na kazi ya kujibu watu maana naona wiki hadi wiki ni mengi, leo na mimi nimeamua kuandika, nikiendelea kukaa kimya nitapasuka. Jina langu naomba usilitoe, niite tu Mama wa Watatu wa Buhongwa.

Sisi tumezaliwa watano, kwetu ni Sengerema, kijijini ndani ndani kidogo ukishavuka Busisi. Baba alifariki 2021. Kaka mkubwa yupo Dar ni mfanyakazi wa serikali, anayemfuata yupo Geita mgodini, wa tatu ndo mimi nipo hapa Mwanza nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, anayenifuata ni mdogo wangu wa kike yupo Muscat anafanya kazi za ndani, na kitinda mimba ni wa kiume, mvuvi, yupo kambini kisiwani Kome. Tangu tukiwa wadogo ilikuwa inajulikana kwamba huyu wa mwisho ndo ataoa abaki na mji wa wazazi na mkewe ndo atamuangalia mama. Alioa kweli, mke akakaa miezi saba akaondoka, akasema yeye hakuolewa na mama mkwe, na mdogo wangu naye akarudi zake kisiwani. Mji ukabaki na mama peke yake, kuku, mbuzi watatu na redio.

Mwaka jana mwezi wa 10 mama akateleza akitoka kuchota maji akavunjika mkono wa kulia. Ana miaka 74 na ana sukari. Mi ndo nilienda, mi ndo nililala hospitali, na kwenye grupu la familia kaka mkubwa akaandika kwamba mama aende Mwanza kwa muda maana mimi ndo nipo karibu na siku hizi kuna daraja. Hilo daraja shangazi limekuwa fimbo ya kunichapia! Wakati wa kivuko tunakaa foleni Kigongo hadi unachoka, hakuna aliyekuwa ananiuliza mbona hujaenda kumuona mama. Tangu lifunguliwe Juni 2025 kila kitu ni "si dakika tano tu unavuka", kama vile mi naishi juu ya daraja.

"Kwa muda" ndo mpaka leo, miezi minane. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, choo kimoja kiko ndani. Binti yangu wa miaka 13 analala na bibi yake, wavulana wanalala sebuleni. Mkono umeunga lakini haujanyooka vizuri, kwa hiyo namuogesha mimi, namfunga kitenge mimi, namchoma sindano ya sukari mimi. Zamani saa kumi na moja alfajiri nishafika Mwaloni, sasa hivi nafika saa tatu dagaa wazuri wameshaondoka, nachukua walioguswa guswa, mtaji wangu ulikuwa laki nane sasa hivi hata laki tatu haifiki. Kaka wa Dar anatuma elfu hamsini kwa mwezi, wa Geita elfu thelathini akikumbuka, wa Muscat anatuma laki na hana maneno. Nikilalamika kaka mkubwa anatuma voisi ndefu ya dakika nne, kwamba nimshukuru Mungu kanipa nafasi ya kumtunza mama, nitapata baraka. Wifi yangu anaweka imoji za mikono ya kusali chini yake.

Mama mwenyewe nadhani akili imeanza kumruka. Kila asubuhi anakunja nguo zake anazifunga kwenye kanga, kifurushi anakiweka pale mlangoni, jioni anakifungua anazirudisha. Nikimuuliza anasema "naweka sawa tu". Juzi nimerudi nikakuta ameanika michembe kwenye vigae vya barazani, kilo nzima ya viazi nilivyonunua kwa ajili ya chai ya watoto kavikata vyote kwa mkono wa kushoto, nikamgombeza, akanyamaza. Halafu mume wangu akiwepo hatoki chumbani, hata haja anajizuia, nimekuja kugundua kuna ndoo chini ya kitanda anajisaidia humo usiku na binti yangu ndo anaimwaga bila kuniambia. Mama mkwe kwetu kukutana koridoni na mkwe wake anatoka kuoga ni kitu kizito sana we unajua.

Na mume wangu naye kabadilika. Ana gereji maeneo ya Mkuyuni, zamani saa moja usiku yupo nyumbani, tangu mama aje anarudi saa nne, ameshakula hukohuko. Na akifika anasimama getini anakohoa weee, anagonga gonga bati kama mgeni wakati ufunguo anao mfukoni. Mi naona ni dharau, kama anatuambia hii sio nyumba yake tena. Siku moja tu ndo alisema neno, akasema "mama yangu wa Magu naye ni mzee, na wewe ulisema hatuna chumba". Ni kweli nilisema, lakini ilikuwa kabla.

Sasa juzi limekuja jipya. Kuna mtu anataka lile shamba la kule kwetu lililopo karibu na lami, eka tatu, tangu daraja liishe bei zimepanda na madalali wanapita pita. Kaka mkubwa anasema tuuze maana mama yuko mjini kule kuna nini, hela igawanywe na nyingine imtunze mama, na mimi ndo natakiwa nimshawishi mama aweke dole gumba.

Shangazi nifanyeje? Nikisema wamchukue wao nitaonekana namfukuza mama. Nikimrudisha kijijini nitaonekana nimemtupa. Nikikaa hivi ndoa yangu inaondoka na biashara inakufa. Nisaidie.

Mama wa Watatu, Buhongwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Kaka wa Dar anaongea, wa Geita anakumbukwa, wifi anasali kwa imoji, mumeo kasema neno lake moja, dalali naye ana maoni. Mama anasema "naweka sawa tu" na basi. Miezi minane hakuna aliyekaa naye akamuuliza mama, unataka kuishi wapi?

Halafu unaniambia akili imemruka. Mtu anayekunja nguo zake kila asubuhi akazifunga kwenye kanga akaziweka mlangoni, jioni akaona hakuna aliyekuja akazifungua, huyo hajarukwa na akili mwanangu, huyo anasubiri gari. Mlimwambia "kwa muda" na yeye aliamini. Na michembe ile ndo ingenitoa machozi mimi, mwanamke mkono haunyooki, kakaa chini kakata kilo nzima kwa mkono wa kushoto kwa sababu kiangazi kimeingia na kiangazi watu wanaanika viazi, hiyo ndo kazi anayoijua na ndo kitu pekee alichoona anaweza kuchangia kwenye nyumba ya mkwe wake, akagombezwa. Kamuombe msamaha. Sikuoni una roho mbaya, naona umechoka, lakini kamuombe.

(Kwenye kliniki ya sukari mwambie daktari hiyo habari ya akili hata hivyo, sukari ikishuka sana mzee anaweza kuchanganyikiwa kweli, isije ikawa mi nimekupa hadithi nzuri na mtu anaumwa.)

Sasa twende kwenye huu mzigo. Watu wa umri wa kaka yako wanapenda kusema zamani wazee walitunzwa, siku hizi upendo umepoa. Mi nimekulia kwenye mji wa hukohuko Usukumani, bibi yangu hakuona vizuri miaka kumi na kitu, na nakwambia sijawahi kumuona mtu mmoja anayeitwa mtunzaji wa bibi. Asubuhi mke wa baba mdogo anampelekea maji ya kunawa, mchana sisi wajukuu tunamshika mkono kumpeleka nyuma ya nyumba, jioni anasogezwa shikome kwenye moto na wazee wenzake anasikiliza stori, usiku analala na shangazi yangu aliyekuwa amerudi nyumbani kaachika. Kazi ile ilikuwa kubwa vilevile, ila iligawanywa vipande vidogo vidogo mpaka ikawa haionekani. Hawakuwa na upendo kuliko sisi, walikuwa wengi tu. Sensa ya 2012 kaya moja ilikuwa na wastani wa karibu watu watano, ya 2022 wamehesabu 4.3, hicho kipande cha mtu kilichopungua ukikitafuta utakikuta kijijini na redio na mbuzi watatu.

Kwenu watu wameondoka mmoja mmoja, Dar, Geita, Muscat, Kome, kazi yote ya ule mji ikabaki imekusubiri wewe, na wanakwambia ni baraka. Hebu mfikirie mdogo wako wa Muscat. Anaosha watoto wa watu, anafua, kama kuna mzee kwenye nyumba hiyo anamuogesha, na mwisho wa mwezi analipwa na kila mtu anaita ile kitu kazi. We unafanya hiyohiyo Buhongwa, unapoteza mtaji wa laki tano na zaidi, unatumiwa voisi. Nafikiri ndo maana yule anatuma laki na hana maneno, anajua kumuogesha mtu mzima kulivyo.

Kwa hiyo acha kulalamika kwenye grupu. Nasema hivyo sio kwamba huna haki, ni kwamba kulalamika kunamfanya kaka yako awe mchungaji. Andika hesabu. Siku ya Jumapili jioni ambapo wote wako hewani, andika taratibu bila imoji ya kulia hata moja, kitu kama: Shikamooni kaka zangu. Mama ana miezi minane kwangu, dawa na kliniki kwa mwezi ni kiasi hiki, chakula chake cha sukari kiasi hiki, nauli kiasi hiki, mtaji wangu ulikuwa laki nane sasa umebaki tatu kasoro. Mlichotuma jumla ni hiki. Naomba tuongee kwa simu wote watano Jumamosi na mama awepo asikie. Ishia hapo, usiongeze chumvi. Hela ikishakaa kwenye mistari kila mtu anaiona, hata wifi.

Na kaka wa Dar muulize swali moja la kiofisi, mama umemuandikisha kwenye bima? Mtumishi wa serikali mwenye bima ya taifa ya afya anaruhusiwa mwenza wake na wategemezi wanne na wazazi wanahesabika humo. Kama nafasi zimejaa watoto sawa, aseme, lakini kama ipo moja imekaa tu huku wewe unanunua dawa za sukari kwa hela ya dagaa, hapo elfu hamsini yake inabadilika sura kabisa.

Haya, mama akae wapi? Mimi sitaamua, ataamua yeye, ila nabeti kanga yangu ya Idi kwamba atasema kwake. Na akisema kwake usiogope neno kutupwa. Kumtupa ni kumrudisha pale alipoteleza, peke yake na ndoo ya maji. Mtafuteni mtu wa kulala naye, na msimtafute "binti wa kusaidia" mtoto wa miaka 14 anayetakiwa awe shule, tafuteni mama mtu mzima wa hapohapo kijijini au wa ukoo, mjane, aliyeachika, wapo wengi wanaohitaji kazi, alipwe mshahara unaoeleweka kwa tarehe inayoeleweka. Mshahara huo utoke Dar na Geita. Muscat aendelee na dawa. Wewe usitoe hela, we umeshatoa, utatoa siku.

Na siku zenyewe ziko, hapa ndo nimeshangaa hukuziona wewe mwenyewe mtu wa Mwaloni. Mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi zinafanya nini? Dagaa hawavuliwi, wavuvi wanashuka, mzigo Kirumba unakuwa wa kubahatisha na wewe unakaa kwenye stuli unafukuza nzi. Siku hizo kila mwezi funga meza uvuke daraja ukakae na mama, mpeleke kliniki hapo Sengerema kama daktari wako atakubali kuhamisha faili, rudi mbalamwezi ikiisha na giza la uvuvi likianza. Na huyo kitinda mimba wa Kome! Yeye kwenye mbalamwezi ndo kabisa hana kazi, yuko kambini anacheza karata na kula hela aliyoipata gizani. Kila mtu kwenye barua yako kapangiwa lawama isipokuwa yeye, eti kwa sababu mke kaondoka. Mke ndo alikuwa mtoto wa mama au yeye? Avuke aje atengeneze sehemu ya maji karibu na mlango ili mama asiende tena kule alikoteleza, achanje kuni, alale pale hizo siku tano au sita. Kupika anajua, kambini nani anampikia ugali kila siku? Na huyo binti aliyeondoka msimseme vibaya, aliingia kwenye ndoa akakuta ameandikiwa kazi ya watu watano na mwenye mama yuko kisiwani, mi ningeondoka mwezi wa tatu.

Shamba. Hapa naomba unisikilize vizuri. Baba kafariki 2021, mirathi ilifunguliwa? Hukusema, na mtu asiposema huwa haikufunguliwa. Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi basi kaka yako hana mamlaka ya kuuza hata mwembe, kuzaliwa wa kwanza sio usimamizi. Na ardhi ya kijiji haihamishwi kwenda kwa mtu wa nje kienyeji enyeji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Kwa hiyo dole gumba la mama wanalitaka kwa sababu wanajua bila hilo hakuna kitu.

Ila nikuoneshe na upande wa pili usije ukalala usingizi. Zile sheria za mila zilizotangazwa 1963 zinamuweka mjane pembeni kabisa, zinasema kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake mjane hana fungu kwenye mirathi, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ukiisoma haraka inapendeza hata kuandikwa kwenye kanga. Tatizo aliyeiandika aliona watoto wako hapo uani. Leo fungu la mama yako liko kwenye simu, linaingia tarehe 30 au haliingii, na shamba likishauzwa hana tena hata pa kusimama akiongea na nyie. Kuna wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga hapo jirani yetu, Wasukuma wenzenu, waume zao walipokufa wakatolewa kwenye nyumba kwa mila hizohizo, wakahangaika mahakamani hapa nchini mpaka kesi ikafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Na kuhusu mtoto wa kike na shamba la ukoo, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza mwaka 1990 ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, jaji akasema mila haiwezi kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanaume anaruhusiwa. Nakwambia haya ili Jumamosi kaka akianza "kwa mila zetu" ujue mila nazo zimeshawahi kusimamishwa kizimbani. Mfungue mirathi kwanza mahakama ya mwanzo, na kabla ya hapo mtafuteni msaidizi wa kisheria, wapo kwenye halmashauri na huduma ni ya bure, mi ni shangazi tu sio wakili. Na dole gumba la mama usilishike.

Nimebakisha nyumbani kwako, nimeogopa kuanza nako.

Mumeo kasema neno moja na neno lenyewe ni la haki. Mama yake wa Magu uliambiwa ukasema hatuna chumba, yako alipoanguka chumba kikapatikana, watoto wakalala sebuleni. Hukukosea kumleta mama yako, ulikosea kufikiri mumeo amesahau. Huu mpango wote nilioandika hapo juu, wa mtu wa kulala na mzee, mshahara, siku za zamu, kaeni nae mpange hivyohivyo kwa mama wa Magu na ndugu zake wa upande ule, na uanze wewe kulitaja, asikuombe.

Halafu hiyo kukohoa. Umeniandikia mwenyewe kwamba mama hatoki chumbani mkwe akiwepo, anajizuia haja, ana ndoo chini ya kitanda. Umeniandikia mwenyewe kwamba mumeo anarudi saa nne, ameshakula, anasimama getini na ufunguo mfukoni anakohoa na kugonga bati. Hivi vitu viwili umeviandika vimefuatana kabisa na hukuviunganisha? Mwanaume anayedharau anaingia na ufunguo wake anawasha TV kwa sauti. Huyu anampa mama yako nafasi. Anakaa gereji mpaka saa nne kwenye giza la Mkuyuni ili mama aweze kutoka, aoge, ale, aende chooni kama mtu, na akifika anakohoa ili kama yuko koridoni apate muda wa kurudi ndani. Inawezekana nakosea, mi simjui, muulize. Lakini huko kwetu mkwe mwanaume alivyokuwa anafundishwa kupita karibu na nyumba ya mama mkwe ilikuwa ni hivyo, unakohoa mbali.

Wiki hii kabla ya mengine yote tafuteni fundi awajengee choo cha nje, hata cha mabati kwa kuanzia, upande ule wa dirisha la mama, mpaka safari yake ipangwe. Hela ya kwanza ya Dar iende hapo. Ndoo mpokonye binti, mtoto wa miaka 13 anaficha siri ya bibi yake asidhalilike na hakuna aliyemwambia asante.

Na leo mumeo akikohoa getini usimtume mtoto, toka ukamfungulie mwenyewe, muulize kama amekula kweli au anasemaga tu.

Shangazi